Kibao cha OK kwa Wanaobaki na Bendera

Tangu nistaafu, Jumapili mchana ndio wakati mbaya kwangu. Nilipokuwa uwanjani nilijua kila gari lilipo. Sasa nimekaa jikoni hapa Edmonton, kaskazini mwa London, nasikia mngurumo wowote barabarani na kujiuliza ni nani amesimama, amesimama vipi, na kama kuna mtu aliyemwona. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema niliota wasiwasi kabla ya kuota meno. Basi mnivumilie. Nawaandikia nyinyi wenzangu mnaobaki na bendera, hasa nyinyi niliowavuta kutoka kanisani na msikitini mkajikuta mnalowa mvua ya London mkiangalia magari mabovu yakigongana. Nimesikia kwamba mwezi ujao meneja mpya ataitisha mkutano, na kwamba anataka kuviondoa vibao vyetu vya OK. Kabla hamjanyoosha mikono kukubali, nataka mjue vilitoka wapi.

Siku yangu ya kwanza pale niliingia na ufagio. Mnaujua uwanja wetu, ule mdogo wa mviringo nyuma ya maghala, na mnajua jinsi vipande vya bampa vinavyozaana pale. Nilikuwa nafagia na kunung'unika kwa Kiswahili, nikimlaani aliyeacha tairi katikati ya njia, sauti ikanijibu kutoka chini ya gari.

"Hiyo tairi ni yangu, bwana. Wewe wa wapi?"

"Machakos."

"Machakos! Basi weka ufagio chini, kuja unishikie hii taa."

Ndivyo nilivyokutana na Jaswant, mkaguzi wa magari, Singasinga mzaliwa wa Nakuru anayekaa Queensbury. Baba yake alikuwa na gereji iliyotengeneza magari ya rali, na yeye mwenyewe ujana wake aliumalizia kwenye kiti cha msoma ramani, akila vumbi. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa vyuma. Alinifundisha kwamba mkanda wa dereva haukaguliwi kwa macho: unauvuta kwa nguvu zako zote huku mguu umeukanyaga ubavu wa gari. Alinifundisha kutikisa betri kama unayemwamsha mlevi, na kunusa chini ya tangi la mafuta kabla ya kuinama na tochi. Bendera alinionyesha namna ya kuipunga kwa kuchora namba nane hewani, maana ukiipunga kama unayefukuza kuku itajizungusha kwenye mti wake na dereva ataona fimbo tu. Siku hiyo hiyo alinivika shingoni kisu kidogo cha kukatia mikanda. Bado ninacho, na wakati mwingine nafungulia pakiti za unga wa ugali.

Na kwa sababu mtu asiyejua mchezo wetu hudhani sisi ni wendawazimu, wacha niseme kwamba una sheria zake, na nyingine ni nzuri kupindukia. Magari yanaruhusiwa kugongana, ndiyo, watu hulipa kiingilio kwa ajili hiyo. Lakini mlango wa upande wa dereva hupakwa rangi nyeupe, na ole wako ukiulenga. Jaswant aliipenda sana sheria hiyo. Alisema laiti madereva wa barabara ya Wembley siku ya mechi wangepakwa nyeupe gari zima.

Jambo moja tu lilikuwa likitunyima raha sote wawili, nalo ni kimya. Gari likigongwa likasimama pembeni, mbio ziliendelea. Aliyekaa ndani alitakiwa kubaki amefunga mkanda na kofia mpaka mbio ziishe, na hiyo ni sawa kabisa, maana akitoka atasagwa. Lakini kutoka mbali, mtu aliyetulia kwa sababu amekasirika na mtu aliyetulia kwa sababu amezimia wanafanana. Mimi nilikuwa nasimama kona ya juu nikiwatazama waliosimama na si wanaokimbia, nikitafuta kichwa kitikisike hata kidogo.

Halafu ikatokea ile ya Gary. Alikuwa fundi bomba, mtu wa mizaha, aliyeingiza kila mbio gari lililochorwa sinki mlangoni. Aligongwa upande wa pili wa uwanja, mbali na kona yangu, gari likageuka likasimama vizuri kabisa kwa magurudumu yake yote. Yeye alikuwa wima, mikono kwenye usukani. Mshika bendera wa karibu alidhani Gary amenuna. Wa pili alidhani wa karibu ameshamuuliza. Mtangazaji, akimwona kwenye kamera ya uwanja, akamfanyia utani kwenye kipaza sauti kwamba anangojea basi, na watu wakacheka. Mbio zilipoisha ndipo tukagundua kwamba ni mkanda tu uliokuwa umemshikilia wima. Gary alipona, ingawa kwa muda mrefu alipoteza majina ya watu, mimi nikiwa mmoja wao. Kicheko kile cha watu sijakisahau, na watu wenyewe hawakuwa na ubaya wowote.

Juma lile Jaswant alinikalisha kwenye gereji, akanimiminia chai yake yenye tangawizi, akanieleza sheria ya rali ambayo mimi, Mkenya mzima, sikuwa nimewahi kuielewa sawasawa.

"Sikia, Musyoka. Kule kwa rali hakuna mtu wa bendera kila kona. Kuna vumbi, kuna kichaka, basi. Kwa hivyo kila gari inabeba kibao. Upande huu OK ya kijani, upande huu nyekundu ya kuitisha msaada. Ukianguka na uko mzima, unatoka, unaonyesha OK kwa wale wanakuja nyuma. Ukionyesha nyekundu, yule wa kwanza kukuona lazima asimame."

"Na nisipoonyesha kitu?"

"Hapo ndiyo utamu. Usipoonyesha kitu, ni kama umeonyesha nyekundu. Lazima asimame."

"Atakubali kupoteza mbio yake?"

"Hapotezi. Wakubwa wa mbio wanamrudishia muda wake. Ndiyo maana anasimama."

Nilirudi nyumbani kwa basi siku ile nikiyageuza maneno hayo kichwani. Kwetu uwanjani, kimya maana yake ilikuwa mtu yuko salama mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kule porini, kimya maana yake ni kwamba mtu yuko hatarini mpaka athibitishe mwenyewe kwamba yuko salama. Nikaona aibu kwamba wenye macho machache wametunga sheria bora kuliko sisi wenye macho kila mahali.

Tulimpelekea wazo hilo meneja wa wakati huo, Colin, mtu mwaminifu ambaye moyo wake ulikuwa kwenye saa ya mkononi. Watu wanakuja kuona mbio, alisema, hawaji kuona vibao. Akanigeukia, akaniita kwa jina langu la ubatizo kama Waingereza wote pale. "Hapa si porini, Peter. Hapa kila mtu anamwona kila mtu."

"Hiyo ndiyo shida," Jaswant akamjibu. "Kila mtu anafikiri mwenzake ameona."

Colin alikuna kidevu, akatupa nusu ya tulichoomba. Vibao hapana, lakini dereva aliyesimama atoe mkono dirishani na kuinua dole gumba. Asipoinua, bendera nyekundu, mbio zisimame. Tukashukuru. Mimi nilifurahi mpaka nikanunua samosa za uwanja mzima, na kwa kipindi fulani nililala vizuri. Magari yaligongana, madole yakachomoza madirishani.

Sasa nifike kwa Mwende, ingawa mkono wangu unakuwa mzito. Mwende ni binti yangu, mtoto pekee, mzaliwa wa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata ninachosema nikiwa nimejiumiza kidole kwa nyundo, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuja uwanjani kuniletea chakula, akaanza kumshikia Jaswant taa, na kabla sijajua kinachopikwa wawili hao walikuwa wamelikarabati gari dogo bovu na mlango wake umeshapakwa nyeupe. Mama yake alikataa kukanyaga pale. Mimi sikuweza kukataa, kwa sababu ningesema nini? Kwamba naogopa? Mtu anayelipwa kuwahakikishia watoto wa wenzake kwamba pako salama?

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nimehamishwa kutoka kona ya juu, nasimama katikati, mimi ndiye mwenye bendera nyekundu. Mwende aligongwa kwa nyuma, akazunguka, akaenda kujipigiza kwenye ukuta wa matairi. Na papo hapo, gari likiwa bado linatikisika, mkono wake ukatoka dirishani na dole likasimama.

Kila mshika bendera akapumua. Mimi sikuweza. Lile dole lilikuwa limekuja haraka mno.

Ili mnielewe, lazima mumjue Mwende alipokuwa mdogo. Akianguka na baiskeli, "I'm fine" ilimtoka kabla magoti hayajafika chini. Homa ikimchoma, ukimuuliza, "I'm fine." Hakujifunza kwa Waingereza peke yao. Kwetu mtu huulizwa habari, naye hujibu nzuri, kisha ndipo anaendelea kukueleza kwamba amefiwa. Mimi mwenyewe nilimlea hivyo, kwamba salamu hujibiwa kwanza, matatizo baadaye. Na nilipoliona lile dole nilihisi mwili mzima kwamba ile ni salamu tu inajibiwa, mwenyewe hayupo.

Nikainua nyekundu. Redio ikalipuka kifuani.

"Peter, amekupa dole! Unataka nini tena?"

Nilikuwa nakimbia, na magari yalikuwa bado yanapunguza mwendo pembeni yangu, jambo ambalo nawakataza nyinyi kulifanya. Nilipofika, dole bado lilikuwa juu. Macho yake yalikuwa wazi, yamenitazama.

"Mwende, uko sawa?"

"I'm fine, Dad."

"Fungua mkanda basi, mama."

Akaanza kuutafuta mkanda. Aliutafuta kwenye paja, akautafuta kwenye kiti, akaupapasa mlango. Pale kifuani, mahali alipofungia kila Jumapili, mkono wake haukufika. Na uso ulikuwa umetulia tu, kama anayetafuta funguo kwenye mkoba. Niliogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na nimemzika mke. Nilikata mikanda kwa kisu cha Jaswant huku daktari wa uwanja amemshika kichwa.

Ubongo ulikuwa umetikisika. Daktari alituambia kwamba pigo jingine dogo tu juu ya lile lingemmaliza, na pale alipokuwa amesimama, kwenye utelezi ule, pigo jingine lilikuwa njiani likija kila mzunguko. Hospitalini, akili ilipomrudia vizuri, nilimuuliza kwa nini aliinua dole.

"What thumb?" akaniuliza.

Hakukumbuka kuinua kitu. Si kwamba alidanganya. Mkono ulifanya adabu peke yake.

Colin alikuja kumwona, akaleta zabibu, na alipokuwa akiondoka akaniuliza swali kwenye veranda ya wodi, kwa upole kabisa. Je, dole lile lingekuwa la Gary, ningeinua bendera? Nilisimama pale nikitafuta jibu la kiungwana. Jibu la kweli ni kwamba nisingeinua. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba ndiyo maana tunahitaji sheria, kwa ajili ya wale wote ambao baba yao hakushika bendera. Colin aliitazama saa yake, lakini safari hii nadhani hakuiona. Akasema, haya, leteni vibao vyenu.

Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa rali waliamua kibao badala ya mkono. Kibao lazima ukikumbuke. Lazima ukitafute kilipo, ukichomoe kwenye mfuko wake, ukitazame, uchague upande, ukigeuze kimwelekee anayekuja. Mtu aliyetikisika ubongo anaweza kuinua dole, lakini hizo kazi ndogo ndogo zitamshinda, na kushindwa kwake ndiko kunakotuita. Sisi tulikuwa tumeazima sheria ya watu tukaacha nusu yake mlangoni.

Jaswant alivikata vya kwanza kutoka kwenye mabango ya plastiki ya mawakala wa nyumba, yale yanayotupwa mitaani nyumba zikishapata wapangaji. Ukikikwaruza kibao cha zamani utaona bado kimeandikwa chini ya rangi kwamba nyumba ina bustani. Tulikubaliana pia, kama kwenye rali, kwamba dereva anayepunguza mwendo au kusimama kwa ajili ya mwenzake asiye na kibao hurudishiwa nafasi yake mbio zikianza tena. Mwanzoni kulikuwa na vituko. Dereva mmoja alionyesha nyekundu kwa sababu gari lake limekataa kuwaka na alitaka tumsukume. Mwingine alionyesha OK kichwa chini, na Jaswant na mimi tukabishana mpaka chai ikapoa kama huyo ni mzima au amepinduka akili. Niliamua amepinduka, nikainua nyekundu. Alikuwa mzima, ana haraka tu, akaninunia msimu mzima.

Na hapo ndipo linapotoka lalamiko la meneja mpya. Ni msichana mwerevu, simchukii. Anasema kamera siku hizi zinaona kila kitu, na kwamba vibao vimetusimamishia mbio mara nyingi bure, kwa ajili ya watu wasioumia waliokuwa wanahangaika kuchomoa kibao kwenye mfuko wa mlangoni. Ni kweli. Mara nyingi tumekimbia na machela tukamkuta mtu anatutukana. Lakini mimi kila nilipotukanwa hivyo nilirudi kwenye nafasi yangu nikiwa nimeshiba. Kamera ilimwona Gary pia, wenzangu. Kamera ilimwona Gary vizuri sana.

Mwende alipona, akarudi kukimbia kwa misimu miwili, mimi nikiwa nusu mfu kila Jumapili, kisha akaacha mwenyewe akawa muuguzi. Jaswant naye alistaafu. Hunipigia simu kila siku kulalamikia mashine yake ya kufulia, ambayo amekwisha kuifungua na kuifunga upya mara nyingi kuliko gari lolote. Halafu zamu yangu ya kustaafu ikafika.

Nilikuwa na siku chache tu za kupumzika nilipoteleza bafuni. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mguu umekunjika chini yangu, siwezi kuinuka, simu ikalia. Nikaivuta kwa taulo. Alikuwa Mwende.

"You okay, Dad?"

"Salama, mama. Salama kabisa. Na wewe?"

Tukaongea habari za zamu yake, nikamtakia kazi njema, nikakata. Baadaye sana jirani alinisikia nikigonga bomba. Mwende alipojua hakufoka. Alikaa kimya, na nyinyi mnajua kimya kinavyonifanya. Kesho yake alikuja na kibao, kile cha gari lake mwenyewe, kona moja imeliwa na ukuta wa matairi. Dirisha langu la jikoni linatazama barabara ambayo basi lake hupita akienda kazini, naye hukaa ghorofa ya juu ya basi hilo. Akaniambia simu yangu haiamini tena. Kila asubuhi niweke kibao dirishani, kila jioni nikitoe, ili kikiwa pale ajue ni leo nimekiweka. Nilibisha kidogo kwa ajili ya heshima yangu. Ila ukweli ni kwamba kila asubuhi, nikiliona basi linapita na kivuli cha mtu kule juu kikiinua mkono, kifua changu hufunguka.

Sasa niwaambie ya leo, maana ndiyo iliyonifanya niandike hadi mwisho badala ya kuichana karatasi. Niliamka na maneno haya kichwani. Nikakaa mezani na kalamu, nikaandika ya Jaswant na ufagio, nikaandika ya Gary, sikunywa hata chai. Nilikuwa nimefika pale pa hospitalini, kwenye veranda na Colin, niliposikia miguu inapanda ngazi kwa kasi, ufunguo ukahangaika kwenye kitasa, mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta.

Alikuwa Mwende, na sare yake ya kazi, koti limefunguka, hana pumzi. Aliniangalia, akaiangalia kalamu, akaliangalia dirisha.

"Utachelewa kazini!" nikamwambia. "Niko salama, naandika tu. Si ungepiga simu?"

"Baba, hukuweka kibao," akasema. Kwa Kiswahili. "Ningepiga, ungesema salama."

Nilimsogezea kiti, akakataa kukaa. Basi lake lilikuwa limekwenda zake, na nilifikiria zamu yake, na msimamizi wake, na jinsi mjini hapa hakuna mkubwa wa mbio wa kumrudishia mtu muda wake. Nilimwambia anisamehe. Akatikisa kichwa, akaenda kukichukua kibao juu ya friji.

Nikadhani atakiweka dirishani mwenyewe aondoke, ana haraka. Akanipa mkononi. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama pale, akanitazama nikiinuka kwenye kiti, nikikigeuza, nikitafuta upande wa kijani.